Wakunga Mia na Wawili wa Mtondoo

Iko nchi moja, si hii yenu, kaeni kwa amani, inaitwa Jamhuri ya Mbelembele. Barabara zake zinakwenda mbele tu. Ukitaka kurudi nyumbani unaandika maombi. Wananchi wake wana furaha, na asiye na furaha hupewa muda wa kuitafuta. Ina Rais mmoja, ambaye picha yake imebandikwa hata ndani ya majokofu ya ofisi ili maji yapoe kwa heshima, na ina Wizara ya Takwimu na Shangwe, ambayo kazi yake ni kumpa Rais namba za kusoma kwenye hotuba.

Kwa miaka mingi namba za Mbelembele zilikuwa ndogo. Kijiji kikiwa na zahanati moja kilisema moja, kikiwa hakina kilinyamaza. Rais alikuwa akisimama kusoma mafanikio, anamaliza kabla wageni waalikwa hawajapata pa kukaa. Ilikuwa aibu kubwa. Majirani walikuwa wanacheka, ingawa nao hawakuwa na zahanati.

Ndipo Waziri, Mheshimiwa Profesa Injinia Balozi Mstaafu Ndelelio Mpasuko, akazindua Tovuti ya Taifa. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya Rais. Ukurasa wa pili ulikuwa na picha ya Waziri akiitazama picha ya Rais. Ukurasa wa tatu ulikuwa na Jedwali, yaani visanduku vilivyopangwa kama vigae vya ukutani: kila kijiji na kisanduku chake, kila kisanduku na namba yake, na chini kabisa kisanduku kirefu cha rangi ya dhahabu kilichoandikwa JUMLA.

Siku ya uzinduzi Waziri alibonyeza kitufe kwa kidole kilichovishwa glavu nyeupe. Walianza na shule za kata moja yenye vijiji vitatu. Kijiji cha kwanza kilikuwa na shule tatu, cha pili mbili, cha tatu tano. Tovuti ikawaza, ikazungusha kiduara chake, na kwenye dhahabu ikaandika: 325.

Ukumbi mzima ukaikodolea macho ile namba. Kisha bendi ya polisi ikapiga bila kuamriwa.

Mtaalamu aliyeitengeneza ile tovuti akainua mkono, uso umemwiva kwa aibu.

"Mheshimiwa, samahani. Kuna kosa dogo. Programu inazisoma namba kama maandishi. Haizijumlishi, inazibandika ubavu kwa ubavu. Tatu, mbili, tano. Jibu lake ni kumi. Nipeni dakika chache nirekebishe."

Waziri alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa asiyejua kwamba anaumwa.

"Ndugu mtaalamu, ile tatu unaiona hapo?"

"Naiona, Mheshimiwa."

"Na mbili?"

"Ipo."

"Tano je?"

"Ipo mwishoni, lakini..."

"Sasa kilichopotea ni nini? Hakuna kijiji kilichonyang'anywa namba yake. Kila mmoja amesimama pale na yake. Sasa tuangalie hesabu yako wewe. Unachukua tatu ya watu, mbili ya watu, na tano ya watu, halafu unatutolea kumi. Haya, nionyeshe, tatu iko wapi kwenye kumi? Tano iko wapi? Umezila!"

Ukumbi ukasimama kupiga makofi. Mtaalamu alipewa ufadhili wa masomo ya juu katika nchi ya mbali sana, tiketi ya kwenda tu.

Bunge likapitisha Sheria ya Jumla siku ile ile, kabla ya chai. Walimu wakaelekezwa kwamba mtoto akiandika moja na moja ni kumi na moja apewe vema, na akiandika mbili aitwe mzazi. Kitu kimoja tu hakikuingizwa kwenye Jedwali: wabunge wa upinzani. Walikuwa wawili upande wa kushoto wa ukumbi na wawili upande wa kulia, na serikali haikuona sababu ya kuwafanya ishirini na wawili.

*

Mambo hayo yalikuwa mbali na Semeni, fundi cherehani wa Mtondoo Juu. Yeye alikuwa na mimba kubwa, na mtoto alikuwa amelala upande, kingamo, kama mgeni aliyejinyoosha kwenye mkeka akasahau kwamba wenyeji nao wanataka kupita.

Kila Jumanne alikwenda zahanati kwa Nesi Skolastika. Nesi alikuwa mama mnene mwenye mikono ya joto na mdomo wa ukali. Alimpapasa tumbo, akasukuma huku, akavuta kule, akamsemesha mtoto moja kwa moja.

"Wewe, bwana mkubwa au bibi mkubwa, kichwa chini! Humu si gesti." Kisha kwa Semeni: "Ana kiburi, lakini atageuka. Na asipogeuka mpaka siku yenyewe, mimi nipo, nimewatoa wabishi kuliko huyu. Ila nakuonya, usithubutu kuzaa bila mimi."

"Kwani nina mpango wa kukukimbia, Nesi?"

"Wote mnasema hivyo."

Walicheka, lakini Semeni hakucheka kwa muda mrefu. Dada yake Somoe alijifungua ule mwaka ambao Nesi aliitwa kwenye semina ya kujifunza kuandika ripoti ya semina. Mtoto alikuwa amelala hivi hivi. Semeni ndiye aliyekata sanda, kubwa na ndogo, kwa mkasi ule ule aliokuwa akikatia magauni ya harusi. Hospitali ya wilaya ilikuwa ng'ambo ya mto, na daraja la mto huo lilikuwa kwenye Jedwali tu.

Basi asubuhi moja Mtendaji wa Kata, Bwana Kitojo, alipanda juu ya jabali lililoko nyuma ya shule. Ni hapo tu mtandao ulipokuwa ukikamata, na ilibidi usimame kwa mguu mmoja. Ghafla watu wakamsikia anapiga kelele.

"Jamani! Jamani njooni! Tumekuwa wa kwanza!"

Watu wakakimbilia jabalini. Kitojo, mguu mmoja hewani, akasoma kwa sauti ya mahubiri.

"Wakunga! Mtondoo Juu, moja. Mtondoo Kati, sifuri. Mtondoo Chini, mbili. Jumla: mia moja na wawili! Nchi nzima hakuna kata inayotufikia!"

Vigelegele vikapigwa. Ngoma ikatoka isikojulikana. Jioni redio ikarusha hotuba ya Rais, na Rais mwenyewe, kwa kinywa chake, akasema: "Nani asiyeijua Mtondoo, kata yenye wakunga mia na wawili?" Mtondoo Kati, ambayo haikuwa na mkunga hata wa dawa, ndiyo iliyocheza zaidi, maana walielezwa kwamba bila sifuri yao pale katikati kata ingekuwa na kumi na wawili tu.

Semeni alisimama pembeni, mkono kiunoni. Alimtazama Nesi Skolastika akipiga makofi pamoja na wenzake. Ilikuwa mikono ile ile miwili.

"Bakiri," alimwambia mume wake aliyekuwa akicheza mpaka kanzu imelowa, "hao wengine wote wako wapi?"

"Wewe nawe! Kwani wanakula kwako?"

*

Heshima hiyo ilidumu mpaka alipofika Bwana Fanueli, Afisa Mhakiki kutoka Wizara ya Takwimu na Shangwe. Alikuja na pikipiki ya kukodi, viatu vimejaa vumbi, na sura ya mtu aliyezoea kupeleka habari asizozitunga. Aliitisha mkutano mbele ya ofisi ya kata.

"Hongereni sana," alianza. "Sasa nije kwenye ujumbe. Makao makuu imejengwa Hospitali ya Rufaa ya Kisasa. Imekatwa utepe tayari mara kadhaa. Ina kila kitu isipokuwa wakunga, na wageni kutoka nje wanakuja kuitazama. Kanuni ya Mgawanyo inasema kata ibaki na wakunga wanne. Ninyi mnao mia na wawili. Ziada ni tisini na wanane. Basi litakuja Ijumaa kuwachukua."

Mtu mmoja aliyeanza kupiga makofi kwa mazoea akaacha mikono ikiwa hewani.

Kitojo akakohoa. "Mheshimiwa Afisa, samahani, naomba kueleza. Wakunga wapo. Ila ukiwatafuta mmoja mmoja... unawapata watatu."

"Watatu?"

"Mmoja huku Juu, wawili kule Chini. Kati hakuna."

"Kwa hiyo tisini na tisa mmewaficha wapi?"

Kuku akapita katikati ya mkutano bila wasiwasi wowote.

Semeni aliinuka taratibu, akijisukuma kwa mkono. "Bwana Afisa, hakuna aliyefichwa. Hesabu mwenyewe kwa vidole. Mmoja, hakuna, wawili."

Fanueli alimtazama, akalitazama tumbo, akashusha sauti. "Mama, kaa chini usichoke. Unadhani mimi sijui? Nimesoma. Wizara nzima inajua. Waziri mwenyewe akinunua maandazi mawili na mengine mawili anajua yamekuwa manne. Lakini Rais ameshasoma redioni. Namba ikishatoka kinywani mwake haiwi namba tena, inakuwa historia. Sasa mimi niandike nini? Kwamba Rais hajui kujumlisha?"

"Andika tu kwamba wapo watatu."

"Nikiandika wapo watatu, nitaulizwa wengine wameuawa na nani."

Mkutano ukaguna. Fanueli akafungua mkoba wake, akasoma kama anayesoma risala ya msiba. Ziada isipotimia Ijumaa, wakunga wote waliopo watachukuliwa kama kianzio, na Mtendaji wa Kata atashtakiwa kwa kosa la kuhodhi wakunga.

Kitojo akakaa chini, mahali pasipo na kiti.

Semeni hakukaa. Mtoto alimpiga teke la ubavu, akaweka mkono pale pale, akauliza kwa upole, "Na wakitimia, Bwana Afisa?"

"Wakitimia, wanne wanabaki kwa mujibu wa kanuni."

"Nani anachagua wa kubaki?"

"Kata yenyewe."

"Na ninyi mtawajuaje kwamba ni wakunga?"

Fanueli aliangalia pande zote, kisha akaangalia karatasi yake, kisha akamwangalia Semeni kwa mara ya kwanza kama mtu anayemwona. "Mwongozo unasema afisa ahesabu vichwa," alisema polepole, "na ahakikishe kila kichwa kiko juu ya vazi jeupe."

"Basi?"

"Basi."

"Asante, bwana. Umechoka, karibu uji."

*

Kitambaa cheupe Mtondoo hakikuwepo cha kutosha. Kilichokuwepo ni mifuko ya unga, iliyobaki tangu ule mwaka wa njaa ambao kwenye Jedwali ulikuwa mwaka wa mavuno. Kila nyumba ilikuwa na mifuko hiyo: wengine wanatandikia, wengine wameziba nayo madirisha. Semeni akaiomba yote. Akaifua, akaianika, akaikata. Mgongoni kila mfuko ulikuwa na maandishi makubwa ya bluu: UNGA WA MSAADA. HAUUZWI. Rangi ile ilikataa kutoka, akaiacha.

Akashona. Tumbo lilikuwa limefika kwenye meza ya cherehani, ikabidi akae upande upande, na kila akikanyaga pedeli mtoto naye anakanyaga kwa ndani. Bakiri alimletea maji, akasimama mlangoni akijikuna shingo.

"Semeni, na mimi niende?"

"Ndiyo. Si ulikuwa unasema hujawahi kuona ghorofa?"

"Lakini wewe ukijifungua mimi sipo..."

"Bakiri mume wangu, nakupenda. Siku hiyo nikiambiwa nichague kati yako na Nesi, nitamchagua Nesi na sitafikiri mara mbili. Jaribu gauni."

Wasafiri hawakuwa tabu kupatikana. Timu ya mpira ya Mtondoo ilijitolea yote pamoja na wa akiba. Wapasua mbao wakaja. Kwaya ikaja na kinanda chake. Mzee Kungulio, mwenye ndevu za kufika kifuani, alikuja kwa sababu alisikia mjini kuna miwani. Wakaja pia wanawake kadhaa ambao waume zao walikuwa wamewachosha.

Aliyekataa ni mmoja, naye ni Nesi Skolastika. Aliingia kwa Semeni bila hodi.

"Wewe mtoto una akili ya hatari. Hao unaowavika wanapelekwa hospitali. Akija mwanamke wa watu na uchungu wake, anakutana na nani? Na mpasua mbao?"

Semeni alisimamisha cherehani. Hilo alikuwa amelifikiria kabla hata hajakata mfuko wa kwanza. Alimwona Somoe akiingia kwenye jengo lile zuri na kumkuta Bakiri.

"Nilimuuliza Bwana Fanueli," alisema. "Anasema hospitali ile haijawahi kulaza mtu. Vitanda bado vina nailoni, na amri imetoka isitolewe mpaka wageni waondoke. Wageni wakiondoka wanakuja wengine."

"Na akiingia mtu kwa bahati mbaya?"

"Nimewaapisha wote. Mwanamke akiingia, wasimguse. Wakimbie wakamwite anayejua."

Nesi aliguna, akakaa, akamshika tumbo. Mtoto bado alikuwa kingamo. Mikono yake ikatulia pale muda mrefu kuliko kawaida.

"Gauni langu niachie refu chini," alisema mwishowe. "Sitaki magoti yangu yaonekane."

*

Ijumaa basi likaja, moja. Kwenye Jedwali basi hilo lilikuwa na viti viwili kushoto na vitatu kulia, yaani ishirini na tatu kila mstari, kwa hiyo Wizara iliona wakunga wangenyoosha miguu.

Walipangwa mstari mbele ya ofisi, weupe mpaka macho yanauma. Fanueli akapita akihesabu vichwa. Alipofika kwa golikipa wa timu, mtu mrefu mwenye mabega ya mlango, akasimama. Pembeni ya basi alikuwepo ofisa mwingine wa Wizara, mwenye miwani myeusi, ambaye kazi yake ilikuwa kumtazama Fanueli.

"Na huyu ni mkunga?" aliuliza yule mwenye miwani.

"Ndiyo, mkubwa," alijibu golikipa kwa sauti nzito.

"Uzoefu?"

"Miaka sita nadaka. Hakijaanguka hata kimoja."

Mwenye miwani akaandika. Akasogea kwa Mzee Kungulio, akazitazama ndevu.

"Mama, wewe una muda gani kazini?"

"Tangu enzi za babu yako," alisema Mzee Kungulio. "Yeye alinisumbua sana kutoka."

Mwenye miwani akavua kofia kwa heshima, akamsaidia kupanda ngazi. Fanueli akageuka akaangalia milima, mabega yakitikisika.

Walipohesabiwa wa kubaki, walikuwa wakunga wawili wa Chini, Nesi Skolastika, na mmoja alikosekana. Kila aliyevaa gauni alikuwa ameshapanda basi na hakuna aliyekubali kushuka. Yakabaki macho kumwelekea Bwana Kitojo, aliyekuwa amesimama na suti yake ya kaki na kalamu mfukoni. Semeni alimvisha gauni la akiba juu ya suti, akamfunga kamba mgongoni.

"Mtendaji, pumua."

"Mama Semeni, mimi nikiona damu..."

"Pumua tu, kaka yangu. Huombwi zaidi."

Basi likaondoka na kwaya ikiimba. Bakiri alipunga mkono dirishani mpaka vumbi likamfunika, na Semeni, aliyekuwa hajalia tangu siku ya sanda, alijikuta anafuta macho kwa kipande cha mfuko wa unga.

*

Uchungu ulimshika siku ya soko, mchana kweupe, akiwa anatia uzi kwenye sindano. Mtoto alikuwa bado amelala upande. Wakamkokota mpaka zahanati, na Nesi Skolastika akafunga mlango.

Yaliyofanyika humo ndani hayakuingia kwenye kisanduku chochote. Kulikuwa na mikono ya joto ikisukuma na kusubiri, ikisukuma na kusubiri. Kulikuwa na sauti kali ikisema usisukume bado, nimekwambia bado, wewe mwanamke una masikio? Kulikuwa na muda ambao Semeni alimwona Somoe amekaa pale dirishani, akamwambia ondoka, sijamaliza kushona. Na nje ya mlango alikuwepo mkunga wa nne kisheria, Bwana Kitojo, ndani ya gauni lake, ambaye kila baada ya ukelele alikuwa anagonga na kuuliza kama kuna kitu cha kusaini.

Kisha mtoto akageuka. Nesi alisema baadaye alimsikia anapita chini ya viganja vyake, kama samaki mkubwa anayejipindua majini. Kilichofuata kilikuwa kilio chembamba, chenye hasira nyingi.

"Mtoto wa kike," alisema Nesi Skolastika. "Nilijua tu. Ubishi wote ule."

"Somoe," alisema Semeni.

"Nani?"

"Jina lake. Somoe."

Nesi akageuka ukutani akajifanya anatafuta mkasi. Nje kishindo kikasikika. Kitojo alikuwa amechungulia.

*

Makao makuu mambo yalikwenda vizuri kupita matarajio. Redio ilitangaza gwaride la wakunga wa Mtondoo mbele ya wageni. Waziri Mpasuko aliwapanga wageuke nyuma, akayaonyesha kwa fimbo yale maandishi ya bluu.

"Someni wenyewe, waheshimiwa wageni! Hauuzwi! Wenzenu huko huduma zinauzwa. Mkunga wa Mbelembele ameandika mgongoni mwake kwamba uaminifu wake hauuzwi!"

Wageni wakapiga picha. Wizara ikaagiza watumishi wote wa afya nchini waandikwe hivyo hivyo, pamoja na maneno ya unga, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kuuliza unga unahusikaje.

Bakiri alipiga simu. Semeni alisimama jabalini kwa mguu mmoja, mtoto mgongoni.

"Mke wangu, nimepandishwa cheo! Mimi ni Mkurugenzi Msaidizi wa Uchungu."

"Unafanya nini hasa?"

"Nasaini."

"Kuna mwanamke yeyote mjamzito ameingia?"

"Alikuja mmoja. Tulikimbia wote kama ulivyosema, mpaka Mzee Kungulio. Kumbe alikuwa anaulizia posta." Kisha akauliza: "Mtoto anafananaje?"

Semeni akashusha simu mpaka kwenye mdomo wa Somoe, ambaye alikuwa analia kwa nguvu zake zote. Upande wa pili Mkurugenzi Msaidizi wa Uchungu alisikika akivuta makamasi.

Siku ile ile, kwa nia njema kabisa, Kitojo alimwingiza mtoto kwenye Jedwali, penye ukurasa wa kaya. Nyumba ya Semeni ilikuwa na visanduku viwili. Watoto wa kike: 1. Watoto wa kiume: 0. Alibonyeza, akashuka jabalini, akaenda kulala akiwa na moyo safi.

Haukupita muda mrefu pikipiki ya kukodi ikasimama mbele ya nyumba. Bwana Fanueli akashuka, viatu vumbi vile vile. Nyuma yake, kwenye pikipiki ya pili, alikaa yule mwenye miwani myeusi.

"Mama Somoe, hongera sana," alisema Fanueli kwa sauti ya kazi. "Rais anakutunuku nishani ya Mama wa Taifa. Jedwali linaonyesha una watoto kumi. Tumetumwa kuwahakiki." Akasogea karibu kidogo, akashusha sauti. "Wasipoonekana hao tisa wengine, ni kosa la kuficha watoto. Na anayefuatwa wa kwanza ni mkunga aliyewazalisha."

Nesi Skolastika, aliyekuwa amekuja kumkanda mzazi, alisimama mlangoni na beseni la maji ya moto. Mvuke ulimpanda usoni, naye hakulitua.

Semeni alimtazama Nesi. Akamtazama Somoe, aliyelala ndani ya khanga na ngumi zake mbili zimefumbwa. Alimtazama na mwenye miwani, aliyekuwa tayari amefungua kalamu.

"Wamekwenda kisimani, bwana zangu," alisema. "Karibuni mkae kwenye kivuli. Nesi, watilie wageni chai."

Akazunguka nyuma ya nyumba, taratibu, mtoto kifuani, mpaka kwenye ua wa makuti. Ng'ambo yake jirani, Mama Havijawa, alikuwa anapepeta mchele, na watoto wa mtaa mzima wakigombania chenga.

"Mama Havijawa! Hebu niazime watoto."

Ungo haukusimama.

"Wangapi?"

"Tisa."

"Wenye sare au wasio na sare?"